Chakula kikiungua, anaulizwa nani?

Katika tafiti za idadi ya watu na afya zinazofanywa kila baada ya miaka michache katika nchi nyingi zinazoendelea, kuna swali ambalo huulizwa wanawake na, mara nyingi, wanaume pia. Je, mume ana haki ya kumpiga mkewe akitoka bila kumwambia? Akiwatelekeza watoto? Akibishana naye? Akimnyima unyumba? Akiunguza chakula?

Maswali hayo matano hayakutungwa kupima kazi za nyumbani. Yalitungwa kupima kiasi ambacho jamii inauhalalisha ukatili. Lakini yasome tena polepole. Chakula na watoto ni kazi, tena kazi za kila siku. Kutoka bila kuaga nako kuna kazi ndani yake, kwa maana aliyetoka hayupo pale anapotakiwa kuhudumia. Hata unyumba, kwa jinsi ulivyowekwa kwenye orodha, unahesabiwa kama huduma ambayo mwanamke anadaiwa. Unabaki ubishi, na ubishi mwingi wa nyumbani huzaliwa na hayo manne. Katika nchi nyingi, sababu inayokubaliwa na watu wengi kuliko nyingine ni kuwatelekeza watoto, na chakula kuungua huwa mkiani.

Ukiisoma orodha hiyo kama ofisa ajira anavyosoma kanuni za kazini, unakuta majukumu upande mmoja na adhabu upande wa pili. Kwa wale wanaojibu "ndiyo", kipigo si wazimu wala hasira za ghafla. Ni nidhamu ya kazi. Kazi yenyewe haina mshahara, mkataba wala likizo, ila msimamizi inaye.

Sasa tazama serikali zinavyoyashughulikia mambo haya mawili, kazi za matunzo na ukatili. Vituo vya kulelea watoto viko kwa wizara ya elimu au ya ustawi wa jamii. Likizo ya uzazi iko kwa wizara ya kazi, maji yana wizara yake, na ukatili unapelekwa polisi, mahakamani na hospitali. Kila ofisi ina mpango mkakati wake na siku yake ya maadhimisho. Mwanamke anayezungumziwa ni yuleyule, nyumba ni ileile, na mara nyingi ni jioni ileile.

Mzigo uliopimwa

Kazi za matunzo ni zile zinazomwezesha binadamu mwingine kuamka kesho akiwa mzima: kumlisha, kumwogesha, kumfulia, kumuuguza, kumfundisha, kumsubiri. Nyingine humgusa mtu moja kwa moja, kama kumnyonyesha mtoto au kumgeuza mgonjwa kitandani. Nyingine humzunguka, kama kupika, kuteka maji na kusafisha. Ipo na ya tatu isiyo na jina zuri, kazi ya kukumbuka. Tarehe ya chanjo, dawa ya mama mkwe inaisha lini, sare iliyochanika, nani aliamka na homa. Mikono inaweza kupumzika. Kichwa hicho hakipumziki.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lililiweka kanda hilo kwenye mizani. Kwa kutumia tafiti za matumizi ya muda kutoka nchi 64, lilikadiria kwamba dunia hufanya saa bilioni 16.4 za matunzo yasiyolipwa kila siku, sawa na watu bilioni 2 wakifanya kazi saa 8 bila ujira. Wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa hizo. Kwa wastani, mwanamke anatumia saa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanamume saa 1 na dakika 23. Kazi hiyo ingelipwa kwa kima cha chini cha mshahara tu, ingefikia asilimia 9 ya pato la dunia nzima.

Ripoti hiyohiyo ilikuwa na hesabu moja ambayo binafsi sijaweza kuisahau. Katika nchi 23 zenye takwimu za miaka mingi, pengo kati ya wanawake na wanaume lilipungua kwa dakika 7 katika miaka 15. Kwa mwendo huo, litafungika baada ya miaka 210.

Kwa nini jambo kubwa hivi lilikaa muda mrefu bila kuonekana? Sehemu ya jibu imo katika vitabu vya hesabu za taifa, ambavyo vina mpaka wa ajabu. Kwa kanuni za kimataifa, kuteka maji na kukusanya kuni kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji, na kunatakiwa kuhesabiwa. Kuyachemsha maji hayo, kupikia kuni hizo na kumlisha mtoto kilichopikwa si uzalishaji. Ukimwajiri mtu aje apike chakula kilekile, mshahara wake unaingia kwenye pato la taifa. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikubaliana kimataifa kwamba huduma zisizolipwa za nyumbani ni kazi, ingawa si ajira. Ilikuwa hatua, lakini mwenye nyumba anayedai kodi hataki kusikia tofauti ya kazi na ajira.

Kamba inavyokazwa

Mwaka 2023, ILO ilikadiria kwamba wanawake milioni 708 walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya matunzo. Wanaume waliotoa sababu hiyohiyo walikuwa milioni 40. Nyuma ya namba hizo kuna mfuatano ambao wengi tumeuona kwa ndugu au majirani. Mtoto anazaliwa. Mmoja lazima abaki nyumbani, na anabaki yule ambaye mshahara wake ni mdogo. Wake ni mdogo kwa sababu waajiri walishatarajia kwamba siku moja atabaki nyumbani. Miaka mitano baadaye hana akiba, hana uzoefu mpya wa kazi, hana marafiki wa kazini, na kila shilingi, dola au faranga anayoishika ameiomba. Mkono mtupu haulambwi, na mwenye mkono mtupu hana sauti kubwa mezani.

Hapo ukatili ukianza, au ukiwa ulishaanza, huja lile swali ambalo watu hupenda kuuliza: kwa nini haondoki? Huulizwa zaidi na watu ambao hawajawahi kutafuta pa kuwaacha watoto watatu saa kumi na mbili asubuhi. Kuondoka kunahitaji pa kulala, kipato, na mtu wa kubaki na watoto wakati wa kukitafuta kipato hicho. Nyumba salama nyingi duniani, yaani makazi ya muda ya wanaokimbia ukatili, haziwapokei watoto wa kiume waliokwisha kubalehe, kwa hiyo mama huambiwa, kwa lugha ya upole, achague amwache nani. Tena kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari zaidi, maana anayetawala huzidisha nguvu pale anapoona utawala unamponyoka.

Wapo wanaodai kwamba mzigo wa kazi huleta uchovu, uchovu huleta ugomvi, na ugomvi huleta ngumi. Mimi naikataa njia hiyo ya mkato. Watu wengi sana wamechoka na hawampigi yeyote, na kwa kawaida aliyechoka zaidi ndani ya nyumba ndiye anayepigwa. Uchovu hauzai ukatili. Unachofanya ni kumnyima mwanamke muda wa kutafuta msaada, kukaa na ndugu, kusoma, kulala usingizi wa kutosha kuwaza. Kutengwa na watu ni silaha ya zamani ya wanyanyasaji, na ratiba ya matunzo inaweza kuifanya kazi hiyo bila hata mlango kufungwa.

Maji ni mfano wa karibu. Kwa ripoti ya WHO na UNICEF ya 2023, watu bilioni 1.8 wanaishi katika nyumba zisizo na maji ndani ya uzio wao, na katika kaya 7 kati ya 10 za namna hiyo wateka maji ni wanawake na wasichana. Njiani anaweza kukutana na mbakaji. Akichelewa kwenye foleni, anaweza kumkuta nyumbani mtu anayetaka kujua alikuwa wapi. Bomba lililo karibu linapunguza hatari zote mbili kwa mpigo mmoja, lakini kwenye karatasi za bajeti utalikuta chini ya miundombinu, bila neno ukatili hata mara moja.

Kuna watu wawili ambao mjadala huu huwasahau. Wa kwanza ni mwanamke anayetunzwa. Mwenye ulemavu, mzee au mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuwa anamtegemea mnyanyasaji wake kwa dawa, kwa choo, kwa kiti cha magurudumu. Ukatili anaofanyiwa mara nyingi hauachi alama. Kiti kinasogezwa mbali asikifikie. Kidonge kinacheleweshwa. Kuondoka kwake ni kumwacha mtu pekee anayemgeuza kitandani, na kituo anachokimbilia huenda kina ngazi mlangoni. Kwake yeye, msaidizi anayelipwa na serikali ni njia ya kutokea.

Wa pili ni mwanamke anayelipwa ili kutunza. Kazi ikitoka kwa mwanamke mmoja, mara nyingi haiendi kwa mwanamume wa nyumba hiyo. Inashuka kwa mwanamke mwingine, maskini zaidi, mdogo zaidi, aliyetoka mbali zaidi. ILO ilikadiria mwaka 2021 kwamba wafanyakazi wa nyumbani ni milioni 75.6, robo tatu yao wanawake, na takriban 8 kati ya 10 hawana ulinzi wa ajira rasmi. Wengi hulala wanapofanyia kazi. Mahali pao pa kazi ni chumba kisicho na kitasa. Mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011 unawapa haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na ya kukaa na hati zao za kusafiria wenyewe, vitu ambavyo mfanyakazi wa kiwandani asingefikiri kwamba vinahitaji mkataba wa kimataifa. Nchi inayojisifu kwamba wanawake wake wamepanda vyeo, huku wasichana wa kazi wanaowalelea watoto hawana pa kushtaki, imehamisha tatizo kutoka sebuleni hadi jikoni.

Baba aliyejifunza kuogesha mtoto

Rwanda kuna mradi uitwao Bandebereho, yaani mfano wa kuigwa. Uliwakusanya wanaume waliokuwa na wake wajawazito au watoto chini ya miaka 5, katika vikundi vidogo, kwa vikao 15. Wake zao walihudhuria baadhi ya vikao. Walizungumza kuhusu ubaba, pesa, uzazi wa mpango, jinsi ya kugombana bila kuumizana, na kugawana kazi za nyumbani. Kisha walirudi nyumbani kuzifanya, na kikao kilichofuata walieleza ilikuwaje.

Jozi 1,199 za wanandoa ziligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia kwenye vikundi na wengine wakabaki kama kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi 21, asilimia 33 ya wanawake wa upande wa mradi walisema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita. Upande wa pili walikuwa asilimia 57. Wanaume waliopitia vikao walikuwa wakitumia takriban saa nzima zaidi kwa siku katika malezi na kazi za nyumbani. Watafiti waliporudi miaka 6 baadaye, tofauti zilikuwa bado zipo, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi, kwa maana semina nyingi husahaulika kabla vyeti havijakauka wino.

Hatuwezi kusema kwamba kuogesha mtoto ndiko kulikozuia kipigo. Mradi ulikuwa na mambo mengi ndani yake, na jaribio halikuundwa kuyatenganisha. Pia asilimia 33 ni namba ya kutisha bado. Ni mwanamke mmoja kati ya watatu. Lakini mambo mawili yalisogea pamoja, saa za matunzo na kipigo, ndani ya nyumba zilezile, kwa watu walewale. Mwanamume anayejua chakula kinaungua vipi, kwa sababu amekiunguza mwenyewe huku mtoto akilia mgongoni, amepoteza sababu moja kwenye ile orodha ya sababu tano.

Uganda, mradi wa SASA! ulipita njia nyingine. Haukuanza na kazi wala malezi, bali na swali la nguvu: nani anayo, anaitumiaje, nani anaiogopa. Wanaharakati wa mtaani, wa kawaida kabisa, walilizungusha swali hilo kwenye vijiwe na sokoni. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, ukatili wa kimwili kutoka kwa wenzi ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika jamii zilizofikiwa, ukilinganisha na zile ambazo hazijafikiwa.

Pesa peke yake

Wachumi wengi wangeniambia hapa kwamba nazunguka. Mpe mwanamke kipato, mengine yatafuata. Kuna ukweli ndani yake. Huko Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, watafiti waliwalipia akina mama gharama za kituo cha watoto, na uwezekano wa mama kuwa na kazi ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia. Mama wasio na wenzi waliweza kuhamia kazi zenye saa zinazotabirika bila kupoteza kipato. Ada ya kituo tu ilikuwa imewazuia.

Hata hivyo, kipato kikiingia katika nyumba ambayo sheria zake hazijabadilika, kinaweza kwenda upande wowote. Huenda kikamwongezea sauti. Huenda pia mwenzi akaona amevuliwa cheo, akakirudisha kwa mkono, au akasubiri mwisho wa mwezi na kuuchukua mshahara. Afrika Kusini, mradi wa IMAGE uliunganisha mikopo midogo na vikao vya kujadili jinsia na ukatili, na kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 ukatili wa wenzi ulipungua kwa asilimia 55 kwa washiriki. Muungano huo ndio wa kuangaliwa: fedha na mazungumzo vilikaa katika mkutano mmoja.

Na zipo sera za matunzo ambazo zinakaza kamba badala ya kuilegeza. Likizo ndefu ya uzazi kwa mama pekee, inayolipwa na mwajiri mwenyewe, humfundisha mwajiri kutoajiri wanawake vijana, na humfundisha baba kwamba mtoto si kazi yake. Ndiyo maana Norway mwaka 1993 ilitenga wiki 4 kwa ajili ya baba tu, asipozichukua, zinapotea. Ruzuku kwa kaya maskini zenye masharti ya kliniki na shule humpa mama fedha, kisha zinampa na foleni zote za kuthibitisha masharti. Mpango wa kuwahudumia wagonjwa majumbani unaweza kuandikwa kwa maneno mazuri kuhusu familia, na maana yake halisi ikawa kwamba hospitali imepunguza vitanda na binti wa mgonjwa ameacha kazi.

Tafsiri yangu ya yote hayo ni moja. Sera ya matunzo huzuia ukatili pale inapobadilisha nani anafanya kazi na nani anaamua. Ikimsaidia mwanamke kuifanya kazi ileile kwa haraka zaidi, imemsaidia, lakini haijamlinda.

Wanaotafiti matunzo wana mpangilio unaoanzia kwa mchumi Diane Elson: kuitambua kazi, kuipunguza, kuigawa upya. ILO imeongeza kuilipa inavyostahili na kuwapa sauti wanaoifanya. Serikali hupenda mno la kwanza. Kutambua ni rahisi, hotuba inatosha. Umoja wa Mataifa wenyewe ulitenga tarehe 29 Oktoba kuwa siku ya matunzo, na mtu anaweza kuiadhimisha vizuri sana bila kuosha sahani.

Fumbo la kaskazini

Msomaji makini atauliza: kama mambo ni hivyo, nchi za Nordiki, za kaskazini mwa Ulaya, zilizogawa kazi kuliko zote zingekuwa salama kuliko zote. Sivyo zinavyoonekana kwenye takwimu. Utafiti wa Umoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanawake 42,000 katika nchi 28. Wastani wa waliowahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono tangu wakiwa na miaka 15 ulikuwa asilimia 33. Denmark ilikuwa 52, Finland 47, Sweden 46.

Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na uwazi: mahali ambapo ukatili unaitwa kwa jina lake, wengi hukubali kulitaja. Kuna wanaosema uwazi hautoshi kuieleza tofauti yote, na mjadala haujafungwa. Ninachokiona mimi ni kwamba matunzo ni mlango mmoja tu. Hayamfikii mbakaji asiye na uhusiano na nyumba, wala pombe, wala anayemnyanyasa mwenzi wake wa zamani kwa simu.

Wanawake wa Iceland walilisema jambo hili kwa vitendo. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 yao waliacha kazi zote, za kulipwa na zisizolipwa, na akina baba wakaenda ofisini na watoto mkononi. Mwaka 2023, tarehe hiyohiyo, walirudi barabarani, na safari hii waziri mkuu wao, Katrín Jakobsdóttir, alisema naye hafanyi kazi siku hiyo. Madai yalikuwa mawili kwa pumzi moja: kazi za wanawake zinathaminiwa kidogo, na wanawake wanafanyiwa ukatili. Nchi yao wakati huo ilikuwa imeongoza orodha ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya usawa wa kijinsia kwa miaka 14 mfululizo.

Sheria imeanza kusogea

Mkataba wa ILO namba 190, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, ndio wa kwanza wa kimataifa kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini. Ndani yake kuna kifungu kinachozitaka nchi zitambue athari za ukatili wa majumbani na kuzipunguza, kwa kadiri inavyowezekana, katika ulimwengu wa kazi. Mapendekezo namba 206 yaliyoambatana nao yanataja likizo kwa mwathirika, mpangilio wa kazi unaonyumbulika, na ulinzi wa muda dhidi ya kufukuzwa. Ufilipino ilikuwa na siku 10 za likizo yenye malipo kwa waathirika tangu sheria ya 2004. New Zealand ilianza 2019, Australia ikafuata 2023.

Kwa Afrika, Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayohusu haki za wanawake, ilishazitaka nchi wanachama zitambue thamani ya kiuchumi ya kazi ya wanawake nyumbani, na ndani ya hati hiyohiyo ikazitaka zizuie ukatili wa kila aina, wa hadharani na wa faraghani. Miaka ishirini na ushee imepita. Sheria nyingi za ukatili zimetungwa tangu wakati huo, na kazi ya nyumbani imebaki kuwa aya.

Likizo ya siku 10, kwa vyovyote vile, ni kwa mwenye mwajiri. Mama wa nyumbani na mwuza mboga hawana wa kumwomba. Kwao, sheria ya ukatili bila huduma ya matunzo ni mlango uliochorwa ukutani. Kuomba amri ya ulinzi kunahitaji kufika mahakamani, kurudi, kuandika maelezo, kusubiri, kurudi tena. Je, mtoto wa miezi minane akae wapi wakati mama anaeleza mbele ya karani mambo ambayo hataki mtoto wa miaka sita ayasikie? Chumba kimoja chenye mkeka na mlezi aliyefundishwa ni gharama ndogo kuliko kesi inayofutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea.

Anaaga, anakwenda kufua

Jiji la Bogotá, Kolombia, lilianza mwaka 2020 kufungua kile wanachokiita mitaa ya matunzo. Wazo lake ni la kawaida kiasi kwamba unashangaa kwa nini lilichelewa. Mwanamke anayetunza wengine hana muda wa kuzunguka mji akitafuta huduma, basi huduma ziwekwe pamoja, umbali wa kutembea, na aje na yule anayetunzwa. Mtoto au mzee anapokelewa na kuhudumiwa upande mmoja. Upande mwingine mama anamalizia masomo ya sekondari, anafanya mazoezi, anaonana na mwanasaikolojia au mwanasheria. Kuna madarasa ya kuwafundisha wanaume kazi za matunzo, na jiji lina namba ya simu ya wanaume wanaotaka kuzungumza kabla hasira na wivu havijawashinda. Maeneo ya mbali hufikiwa na mabasi yaliyobeba huduma hizo.

Na kuna mashine za kufulia, bure. Mwanzoni nilizidharau. Ofisi ya msaada wa kisheria na mashine za kufulia chini ya paa moja zilionekana kama utani wa mipango miji. Kisha nikakumbuka sababu ya kwanza kwenye ile orodha, kutoka bila kumwambia. Mwanamke anayehesabiwa hatua zake hawezi kuaga kwamba anakwenda kwa mwanasheria. Kufua anaweza. Anabeba kapu la nguo, anamshika mtoto mkono, anaaga. Nguo zinazunguka kwenye mashine kwa karibu saa nzima, mtoto yuko na mlezi, na mlango wa pili kulia uko wazi.